Laiki 640, wasomaji 40: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima blogu kwa takwimu za mitandao ya kijamii

Naandika blogu ya ufugaji wa kuku wa kienyeji, na pembeni yake kuna ukurasa wa Facebook, akaunti ya Instagram na chaneli ya WhatsApp. Maswali ya hapa chini ndiyo wanablogu wenzangu wanayoniletea inboksi, mengine usiku wa manane, chapisho likishadoda. Mifano yangu ni ya kuku kwa sababu ndiyo ninayoijua. Ya kwako inaweza kuwa mapishi, sheria au mpira.

Chapisho langu limepata laiki nyingi. Si ndiyo makala imefanya vizuri?

Chapisho limefanya vizuri. Makala bado hatujui. Laiki inabonyezwa kule kule Facebook, juu ya picha na kichwa cha habari, na mtu anaitoa bila kunyanyuka alipokaa. Makala iko kwako, nyuma ya kiungo, na kuifikia kunamgharimu bando na subira. Karibu kila kosa ninaloliona linaanzia kwenye kuchanganya hivi viwili.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani na taasisi ya Inria ya Ufaransa walichunguza viungo vya habari vilivyokuwa vikisambazwa Twitter (siku hizi X), wakakuta asilimia 59 havikubofywa hata mara moja. Watu walikuwa wanasambaza vichwa vya habari tu. Twitter wenyewe waliliona hilo: mwaka 2020 wakaanza kumuuliza mtu anayetaka kusambaza makala ambayo hajaifungua kama hapendi kuisoma kwanza.

Kwangu mimi somo lilikuja na jogoo. Niliweka picha ya jogoo amesimama juu ya siti ya bodaboda, kifua mbele, kama dereva anayesubiri abiria Msamvu. Watu walicheka, wakatagiana, wakashea. Kiungo cha makala ya chanjo ya kideri kilikuwa pale pale chini ya picha. Jioni nikafungua takwimu za blogu: walioingia wangetosha kwenye daladala moja na viti vingebaki. Baadaye nikaiweka tena makala ile ile kwa picha mbaya kabisa, mkono mmoja umeshika kuku, mwingine unadondosha tone la chanjo jichoni. Laiki hazikufika 10. Lakini walioingia walisoma mpaka chini, wakauliza bei ya kichupa, wakauliza wanakipata wapi, mmoja akauliza kama anaweza kukihifadhi kwenye friji la duka la soda.

Jogoo bado ndiye chapisho langu maarufu kuliko yote. Sina kinyongo naye.

Basi niangalie namba zipi?

Fuata njia anayopita mtu. Kwanza chapisho linaonyeshwa kwenye simu yake. Hapo kuna namba mbili ambazo watu huzichanganya: mara lilizoonyeshwa, na watu liliowafikia. Mtu mmoja akikutana nalo mara 3, hiyo ni mara 3 lakini mtu ni yule yule mmoja. Kisha anaitikia, kwa laiki, komenti au kushea. Kisha anabofya kiungo. Kisha anasoma. Kisha, ukiwa na bahati, anafanya kitu: anajiunga na chaneli, anapiga simu, ananunua vifaranga.

Kwa mwanablogu, namba yenye kazi ni ile inayounganisha hatua moja na inayofuata. Tuseme chapisho la kwanza limefikia watu 8,000, limepata laiki 640, na waliobofya ni 40. La pili limefikia watu 1,500 tu, laiki 45, lakini waliobofya ni 120. Ukigawanya waliobofya kwa waliofikiwa, la kwanza lina nusu ya asilimia 1 na la pili lina asilimia 8. Kwa laiki, la kwanza ni mfalme. Kwa blogu, la pili limekuletea wasomaji mara 3 huku likionekana na watu wachache zaidi ya mara 5.

Gawanya kwa waliofikiwa, siyo kwa wafuasi. Wafuasi wako 20,000 hawalioni kila chapisho. Mtandao unachagua nani aonyeshwe, na baadhi yao wala hawatumii tena akaunti zile.

Nitajuaje msomaji katoka Facebook, Instagram au X?

Kifungie kiungo mkia. Badala ya kubandika anwani tupu ya makala, andika hivi:

anwani-ya-blogu/chanjo-ya-kideri?utm_source=facebook&utm_medium=social&utm_campaign=kideri-juni

Makala inafunguka kama kawaida, ila Google Analytics, programu ya kuhesabu wanaoingia kwenye blogu, inausoma mkia na kuweka kumbukumbu kwamba huyu katoka Facebook, kwenye chapisho la kideri la mwezi Juni. (Hizo herufi utm ni masalia ya Urchin, programu ya takwimu ambayo Google waliinunua mwaka 2005 na kuigeuza kuwa Google Analytics. Hazina maana nyingine ya kukuumiza kichwa.) Instagram inapata mkia wake, WhatsApp wake, X wake.

Kuna nidhamu moja tu, na wengi inawashinda: andika kwa herufi ndogo, jina moja, siku zote. Kwa Google Analytics, Facebook na facebook ni vyanzo viwili tofauti. Ukiongeza fb na FB, wasomaji wako wanakaa mafungu mafungu kama nyanya sokoni, na hakuna fungu linaloonekana kubwa. Na mkia usiuweke kwenye viungo vya ndani, vya makala moja kwenda nyingine. Unavuruga chanzo halisi cha msomaji.

Bila mkia bado utaona kitu. Majina kama l.facebook.com na m.facebook.com ni ya Facebook, na t.co ni ya X. Kitakachokosekana ni chapisho gani hasa lililomleta mtu.

Ukikuta mafunzo ya zamani yenye picha za Google Analytics zisizofanana na yako, usijione mjinga. Toleo lile la awali liliacha kupokea takwimu mpya tarehe 1 Julai 2023. Na kama blogu yako iko kwenye huduma ya Blogger na huna habari na haya yote, anza na takwimu zilizomo humo humo, lakini kwanza ingia kwenye mpangilio uizuie isikuhesabu wewe mwenyewe. Nimewahi kufurahia wasomaji ambao nusu yao nilikuwa mimi nikirekebisha makosa ya herufi.

Facebook inasema watu 120 wamebofya. Google Analytics inaniambia 85. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Kila mmoja anahesabu mlango wake.

Facebook inahesabu kidole kilipogusa kiungo. Google Analytics inaanza kuhesabu ukurasa wako ukishafunguka na programu yake ndogo ikashawaka. Katikati ya hapo kuna mtu aliyegusa kwa bahati mbaya, mwenye mtandao unaosuasua aliyeona duara likizunguka akarudi zake, na mwenye kivinjari kinachozuia programu za kufuatilia watu. Tazama pia umesoma safu ipi: kwenye Facebook kuna mibofyo yote, ambayo inaingiza hata walioikuza picha au kufungua maandishi yaliyokatwa, na kuna mibofyo ya kiungo peke yake. Unayoitaka ni ya kiungo.

Tofauti ya kawaida iache. Ikiwa kubwa sana, yaani zaidi ya nusu wanapotea njiani, kazi haiko kwenye uandishi. Fungua makala yako kwa simu ya bei nafuu, ukiwa na bando la kawaida, mahali ambapo mnara uko mbali. Mimi nilifanya hivyo nikiwa safarini kijijini, nikagundua picha ya juu ya makala ilikuwa imetoka kwenye kamera moja kwa moja, haijapunguzwa ukubwa. Nilisubiri mpaka nikaona aibu.

Na "kusoma" kunapimwaje? Aliyefungua si ndiye aliyesoma?

Hapana. Google Analytics ya sasa inamwita mtu msomaji aliyeshiriki akikaa zaidi ya sekunde 10, au akifungua kurasa 2, au akifanya tendo uliloliweka wewe kuwa muhimu. Sekunde 10 zinatosha kusoma kichwa cha habari na kuamua kuondoka. Kwa makala ndefu naangalia zaidi wangapi wameteremka mpaka chini. Mfumo wenyewe unaweka alama mtu akifika asilimia 90 ya ukurasa. Kuna wanaoteremka haraka kutafuta kipimo cha dawa tu, najua. Nao wamepata walichokijia.

Wasomaji wangu wengi wako WhatsApp. Huko naonaje?

Huoni, au unaona kwa mbali. Hili ndilo swali gumu kuliko yote kwa sisi tunaoandika Kiswahili, kwa sababu makala zetu hazitembei sana Facebook. Zinatembea kwenye magrupu. Kiungo kikibandikwa kwenye grupu la ukoo na shangazi 3 wakakibofya, Google Analytics kwa kawaida inawaweka kwenye fungu liitwalo Direct, pamoja na wale walioandika anwani yako kwa mkono. Mwandishi wa Marekani, Alexis Madrigal, aliliandikia jambo hili mwaka 2012 akaliita "dark social", yaani usambazaji wa gizani: upo ila hauonekani. Yeye alikuwa anaongelea barua pepe na gumzo za kompyuta. Angekuja kuona grupu la VICOBA.

Kinachosaidia ni hiki. Weka kitufe cha kushea WhatsApp kwenye makala, chenye mkia wake, ili anayesambaza kupitia kitufe asambaze na alama. Unapotuma mwenyewe stetasi au kwenye chaneli, tuma kiungo chenye mkia tofauti. Stetasi inakuonyesha nani ameitazama, isipokuwa waliozima tiki za bluu. Halafu tazama umbo la fungu la Direct: makala ndefu ya ndani, ambayo hakuna mtu angeiandika anwani yake kwa mkono, ikipata watu wengi wa Direct ndani ya saa 2, jua imeingia kwenye magrupu.

Kumbuka vilevile kwamba WhatsApp yenyewe imeweka breki. Tangu 2019 ujumbe unatumwa kwa watu au magrupu 5 kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ule uliokwishatumwa mara nyingi unakwenda sehemu moja moja. Makala iliyokuwa inaenea kama moto siku hizi inaenea kama uvumi: polepole, nyumba kwa nyumba.

Lakini hakuna mkia utakaokusaidia mtu akinakili maandishi yote na kuyabandika bila kiungo. Siku moja shangazi yangu alinitumia ujumbe mrefu: "Mwanangu, soma hii, itakusaidia na kuku zako." Juu yake kulikuwa na alama kwamba umetumwa mara nyingi. Ni makala yangu, neno kwa neno, bila jina langu, ila mwishoni mtu alikuwa ameongeza mstari wa kuwanywesha kuku maji ya majivu. Nikamjibu, "Asante shangazi, nitajaribu." Ningemwambia nini? Kwa takwimu zangu siku hiyo ilikuwa ya kawaida tu.

Tangu hapo naandika jina la blogu katikati ya makala, ndani ya sentensi, siyo juu wala chini ambako ni rahisi kukata. Na kila anayenipigia simu kuulizia vifaranga namuuliza umenipata wapi. Daftari la majibu hayo limenifundisha mengi kuliko Google Analytics.

Mbona wasomaji wangu wanaonekana wako Uholanzi na Marekani, wakati naandika kuhusu Dodoma?

Usikimbilie kufurahia kwamba umevuka mipaka. Yawezekana ni VPN, programu inayopitisha intaneti ya mtu kwenye mtambo wa nchi nyingine. Uganda ilifunga Facebook Januari 2021, kuelekea uchaguzi, na waliobaki humo wanaingia kwa VPN. Tanzania X ilifungwa Mei 2025. Anayepita VPN anaandikwa nchi ambako mtambo uko, siyo alipo yeye.

Kuwatofautisha na ndugu zetu walioko nje kweli, angalia simu na saa. Google Analytics inaonyesha aina ya simu. Ukiona kundi la Waholanzi wenye Tecno, Infinix na itel, wanaosoma saa 3 usiku kwa saa za kwetu, hao wako Tandika. Msomaji wa Muscat ana tabia zake: mimi huwaona Ijumaa, na hawaulizi chanjo, wanauliza gharama ya kumjengea mama banda.

Kwa sababu hiyo hiyo, wasomaji wakishuka ghafla usianze kulaumu makala. Jiulize kwanza kama mtandao ulikuwa hewani. Tarehe 25 Juni 2024 intaneti ilivurugika Kenya wakati wa maandamano ya muswada wa fedha. Mwenye blogu ya Nairobi aliyeipima makala yake kwa siku ile alikuwa anapima kitu kingine kabisa. Andika matukio kama hayo kando ya namba, kwa kalamu.

Video fupi ninazoweka kuitangaza makala zinatazamwa sana. Zihesabiwe?

Zihesabu kama bango. Neno "kutazamwa" halina maana moja: Facebook kwa miaka mingi ilihesabu kuanzia sekunde 3, TikTok inahesabu video ikianza tu kucheza. Na hata wenye mitandao hukosea. Septemba 2016 Facebook walikiri kwamba wastani wa muda wa kutazama video ulikuwa umekuzwa, kwa kuwa waliondoa kwenye hesabu watu waliotazama chini ya sekunde 3. Watangazaji waliwashtaki, na mwaka 2019 wakakubali kulipa dola milioni 40 kumaliza kesi.

Nikilipia kubusti, namba zichanganywe na za kawaida?

Usichanganye. Chapisho la kulipia lipe mkia wake na mstari wake daftarini. Na wafuasi wa kununua usiwaguse: hawabofyi, na wanakuharibia kila hesabu ya asilimia utakayopiga baadaye.

Niangalie takwimu mara ngapi?

Mara 1 kwa wiki. Mimi ni Jumatatu asubuhi, na chai. Ukiangalia kila saa utaanza kuandika kwa ajili ya saa ijayo.

Daftari langu lina safu 6: kichwa cha makala, waliofikiwa, waliobofya, waliofika chini, maswali waliyouliza, na kilichotokea wiki hiyo (mwisho wa mwezi, mvua, umeme kukatika, mechi ya Simba na Yanga). Safu ya laiki niliifuta. Namba isiyonibadilishia uamuzi wowote inanijazia ukurasa bure.

Kila makala ipe nafasi mbili: hesabu ya wiki ya kwanza, ambayo ni ya mitandao, na hesabu ya miezi 3, ambayo mara nyingi ni ya watu wanaotafuta Google. Ya kideri kwangu inapanda na kushuka kwa mawimbi, kwa kuwa wanaochanja kwa matone hurudia kila baada ya miezi 3 au 4 na wameshasahau maelekezo.

Nijilinganishe na blogu ya mwenzangu?

Utamlinganisha kwa kipi? Unachokiona kwake ni laiki na komenti, basi. Zamani kulikuwa na vijidirisha vya kuchungulia: Twitter iliondoa hesabu ya kushea kwenye vitufe vyake Novemba 2015, tovuti ya Alexa iliyopanga tovuti kwa nafasi ilifungwa Mei 2022, na CrowdTangle, zana ya Meta (wenye Facebook na Instagram) ya kufuatilia machapisho yanayosambaa, ikafungwa Agosti 2024. Tangu Mei 2021 mtu anaweza hata kuficha laiki zake Instagram. Jilinganishe na wewe wa robo mwaka iliyopita.

Komenti nazo? Nazipimaje?

Usizihesabu, zisome. Komenti 200 za "asante mkuu" na vikopa hazikupi kazi ya kesho. Komenti 1 inayosema "nimechanja lakini wamekufa 4, nilikosea wapi?" inakupa makala nzima, na inakuonyesha aya ambayo hukuiandika vizuri. Mpiga picha wa Tanzania, Issa Michuzi, alipoanzisha blogu yake mwaka 2005, wadau walijadiliana pale pale chini ya picha, na mwandishi aliona kila kitu mahali pamoja. Leo mjadala wa makala moja uko Facebook, Instagram na kwenye grupu usilolijua. Mimi nanakili maswali yote kwenye faili moja kila Jumatatu. Yakijirudia mara 3, ninaandika.

Mdhamini anataka "takwimu za blogu". Nimtumie nini?

Mtumie kipindi kimoja kinachoeleweka, mfano siku 28, na ndani yake: waliofikiwa, waliobofya, waliosoma mpaka chini, na wanatoka mikoa ipi. Picha za skrini zionyeshe tarehe. Akisisitiza idadi ya wafuasi, mpe, lakini weka waliobofya mstari unaofuata. Niliwahi kukosa mkataba kwa kusema ukweli huo. Mwaka uliofuata muuza chakula cha kuku mmoja alinipa kazi kwa sababu hiyo hiyo: aliniambia amechoka kulipia laiki.

Nifute machapisho ambayo hayakupata laiki?

Acha yakae. Lile la tone la chanjo jichoni bado lipo kwenye ukurasa wangu, lina laiki 7. Mbili ni zangu, moja kwa akaunti yangu na nyingine kwa jina la ukurasa. Juzi kuna mama kanipigia kutoka Kilosa, kalikuta alipokuwa anatafuta dawa ya kideri, akaniuliza kama tone ni jicho moja au yote mawili. Ni moja. Nimeshaiongeza kwenye makala.